Slack kazini: ujumbe hufika upesi, jambo hufungwa na watu

Kipimo kinachotumika hapa ni kimoja: ujumbe ukishatumwa, kazi imesogea? Kwa kipimo hicho Slack, programu ya kutumiana ujumbe kazini, ni chombo imara chenye tundu moja kubwa. Hupeleka ujumbe upesi, huutunza, na huuweka mahali ambapo hata aliyeajiriwa jana anaweza kuusoma. Inaposhindwa ni kwenye kufunga jambo. Haikwambii ni nani amelichukua, atalimaliza lini, wala kama "sawa" aliyoandika mwenzako ina maana ya nimesikia, nimekubali au nimeshafanya. Tundu hilo huzibwa na makubaliano ya watu wanaoitumia. Ofisi isiyo na makubaliano hayo itaiona Slack ikiongeza kelele juu ya kelele iliyokuwepo, halafu lawama zitaangukia programu.

Inafaa kujua ilikotoka, kwa sababu asili yake inaonekana hadi leo. Kampuni ya Tiny Speck ya Stewart Butterfield ilikuwa ikitengeneza mchezo wa mtandaoni uitwao Glitch. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, na kilichosalia ni mfumo wa mawasiliano ambao timu ilijitengenezea yenyewe ili ifanye kazi. Mfumo huo ulifunguliwa kwa umma Februari 2014, na tangu 2021 ni mali ya Salesforce. Kwa hiyo Slack ilizaliwa katikati ya watu wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, wanaoandika kwa kasi na kusoma kwa kasi. Kwao inakaa kama kiatu kilichopimwa. Kwa fundi aliye juu ya ngazi, muuguzi aliye wodini au dereva aliye barabarani inabidi ikazwe na kulegezwa kabla haijawafaa.

Nguvu yake kuu ni chaneli. Chaneli ni chumba chenye jina, na kila kinachosemwa humo kinabaki humo. Tofauti na barua pepe ni kubwa kuliko inavyoonekana: kwenye barua pepe, asiyeongezwa kwenye orodha ya wapokeaji hana habari, na hata akiongezwa wiki ijayo hajui kilichosemwa wiki hii. Kwenye chaneli ya wazi, mgeni anaingia na kusoma kuanzia mwanzo. Mfanyakazi mpya akipewa siku mbili za kusoma chaneli tatu au nne za idara yake, anafika kwenye kikao cha kwanza akijua kwa nini mteja fulani hupigiwa simu badala ya kuandikiwa, na kwa nini ripoti ya mwezi ilihamishwa kutoka tarehe 30 hadi tarehe 5. Hakuna semina ya kumkaribisha mtu inayofundisha hayo.

Lakini chaneli huharibika kirahisi, na huharibikia kwenye jina. Slack inakubali jina la hadi herufi 80, herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati. Ndani ya mipaka hiyo watu huandika chochote: jina la mtu, utani wa siku hiyo, kifupi kinachoeleweka na wawili. Miezi sita baadaye kuna chaneli mia moja na hakuna anayejua swali la malipo linaulizwa wapi. Dawa ni kuanza kila jina kwa neno linaloeleza aina ya chumba: mradi-, idara-, msaada-, tangazo-. Majina yakipangwa kwa alfabeti, vyumba vya aina moja vinakaa pamoja na jicho linavipata bila kutafuta. Baada ya jina, jaza maelezo ya chaneli. Slack inatoa nafasi ya herufi 250, zinatosha kuandika sentensi moja inayosema hapa kunaamuliwa nini, na ya pili inayotaja mwenye chaneli. Mtu anayetaka kufungua chaneli mpya akishindwa kuandika sentensi hiyo ya kwanza, basi chaneli hiyo haihitajiki, na mazungumzo yake yana mahali pengine pa kukaa.

Chaneli iliyomaliza kazi ifungwe kwa kuwekwa kumbukumbuni. Haifutiki, na yaliyomo yanaendelea kupatikana kwa utafutaji. Wengi huogopa kufanya hivyo kana kwamba wanachoma faili, matokeo yake orodha ya upande wa kushoto inajaa maiti za miradi ya mwaka juzi.

Adui mkubwa wa chaneli ni ujumbe wa faragha. Slack inaruhusu mazungumzo ya watu wawili, na ya kikundi hadi watu tisa, na humo ndimo kazi hupotelea. Fikiria swali la kawaida: "Bei mpya inaanza kutumika lini?" Likiulizwa faraghani, meneja anajibu mtu mmoja. Kesho anajibu wa pili. Keshokutwa anajibu wa tatu, na kwa sababu amechoka anajibu kwa maneno tofauti kidogo, kwa hiyo sasa kuna tarehe mbili zinazozunguka ofisini na kila mwenye moja anaapa kwamba imetoka kwa bosi. Likiulizwa kwenye chaneli, linajibiwa mara moja na jibu linabaki.

Watu wa ngazi ya chini hukimbilia faragha kwa sababu wanaogopa kuonekana hawajui. Hofu hiyo haiondolewi na waraka wa menejimenti unaosema "tafadhali tumieni chaneli". Huondolewa na mkubwa anayeuliza hadharani mambo asiyoyajua yeye mwenyewe, na anayejibu swali dogo la mtu mdogo bila kejeli. Meneja akipokea faraghani swali linalowahusu wengi, njia nzuri ni kumwambia muulizaji: "Swali zuri, litakuwa na faida kwa wengi. Liweke kwenye idara-mauzo nami nitalijibu hapo." Mara tatu nne tu, watu wanazoea. Yanayobaki faragha ni mambo ya mtu binafsi: afya, mshahara, nidhamu, na maneno ya kumrekebisha mtu. Hayo kuyaleta kwenye chaneli ni kumvunjia mtu heshima mbele za wenzake, na aliyevunjiwa heshima hatauliza tena swali lolote popote.

Uzi wa majibu ni kifaa cha pili kwa thamani, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Ukijibu chini ya ujumbe badala ya kuandika ujumbe mpya, mazungumzo yote ya jambo hilo yanakaa mahali pamoja, na chaneli inabaki ikisomeka kama orodha ya mambo badala ya makelele ya sokoni. Tatizo ni kwamba majibu ya ndani ya uzi hayawafikii wote. Huarifiwa aliyeanzisha, waliokwisha kujibu, waliotajwa na walioamua kuufuata. Sasa tazama kinachotokea: ujumbe wa kwanza unauliza kama mzigo usafirishwe Alhamisi au Ijumaa, watu watatu wanajadiliana ndani ya uzi, wanakubaliana Ijumaa, wanaridhika. Watu wa ghala, waliosoma ujumbe wa kwanza tu, wanajiandaa kwa Alhamisi. Hakuna aliyekosea kuandika. Uamuzi umefanyika chumba cha ndani na mlango umefungwa. Chini ya kisanduku cha kujibu kuna kiboksi kidogo cha kuutuma ujumbe huo kwenye chaneli pia. Kitumike kwa ujumbe mmoja tu wa kila uzi, ule wa mwisho unaotaja kilichoamuliwa.

Tahadhari nyingine ya aina hiyo ni kuhariri. Slack inaruhusu kurekebisha ujumbe uliokwisha kutumwa, na pembeni yake huonekana alama ndogo kwamba umehaririwa. Waliousoma mwanzo hawapati arifa mpya kwamba maneno yamebadilika. Kurekebisha herufi iliyokosewa, sawa kabisa. Kubadilisha tarehe, kiasi au mahali kwa njia hiyo ni kutega mtego: nusu ya watu wana tarehe ya zamani vichwani na ushahidi kwenye skrini unawaonyesha kuwa wao ndio wasiosoma. Tarehe ikibadilika, andika ujumbe mpya unaotaja ya zamani na mpya pamoja: "Kikao kimehama kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, saa ileile."

Kuhusu arifa, mipangilio inayokuja na programu inavumilika, ila wito wa jumla ndio unaoichosha ofisi. Kuna @channel, inayomwita kila mwanachama wa chaneli, awe yupo au hayupo. Kuna @here, inayowaita walio hewani wakati huo tu. Na @everyone, ya chaneli kuu ya watu wote. Kwenye chaneli yenye watu zaidi ya sita programu hukuuliza kwanza kama kweli unataka kuwaita wote, na watu hubonyeza ndiyo bila kusoma. Kila wito usiowahusu huwafundisha watu kupuuza wito unaofuata, na ule wa kweli ukija, kama mfumo wa malipo umesimama au kuna hatari jengoni, unakuta masikio yamekwisha kuota sugu. Kanuni inayofanya kazi ni rahisi: @channel kwa jambo linalomtaka kila mtu afanye kitu leo, @here kwa jambo linalomtaka yeyote mmoja aliyepo, yaliyobaki yote, mtaje mtu kwa jina lake.

Saa za mapumziko zimezingatiwa vizuri. Mpangilio wa kawaida hunyamazisha arifa kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi, na kila mtu anaweza kubadilisha. Aliyepata wazo usiku anaweza kupanga ujumbe uende asubuhi badala ya kuutuma saa ileile. Kipengele hiki kinastahili sifa zaidi ya kinavyopewa. Ujumbe wa bosi wa saa tano usiku, hata ukiwa na maneno "si lazima leo", humfanya mpokeaji aamke na kufungua kompyuta.

Tufike kwenye ujumbe wenyewe, maana hakuna kitufe kitakachoandika kwa niaba ya mtu. Ujumbe mbaya kuliko wote kazini ni mfupi sana: "Habari." Mtu ameandika habari, amenyamaza, anasubiri kuitikiwa. Mpokeaji anaona arifa, anaacha hesabu alizokuwa anafanya, anajibu "nzuri, karibu", anasubiri. Mwenzake amekwenda kuchukua chai. Dakika 20 baadaye inakuja "samahani, naomba kukuuliza kitu", na mkondo wa kazi wa mtu mmoja umekatwa mara tatu kabla swali halijaulizwa. Hodi ya mlangoni ina sababu yake, kwa sababu aliye nje na aliye ndani wako pale pamoja. Kwenye maandishi, salamu na haja vinapaswa kuingia kwa pamoja. Adabu haipungui hata kidogo:

"Habari za asubuhi, dada. Naomba uhakiki jedwali la malipo ya Machi nililobandika hapa chini, safu ya makato peke yake. Nalihitaji kabla ya Jumatano saa tisa alasiri ili benki ilipokee siku hiyohiyo. Ukikuta tofauti, iandike kwenye uzi huu. Likiwa sawa, weka alama ya tiki."

Hesabu kilichomo. Ni nani anaombwa. Ni kitu gani hasa, pamoja na mpaka wake, yaani safu moja badala ya jedwali zima. Ni lini, na kwa nini ni wakati huo. Jibu liwekwe wapi, na kukubali kuonekaneje. Mpokeaji anaweza kuufungua saa yoyote na kuumaliza bila kuuliza swali hata moja. Sababu ya muda ndiyo watu huiacha mara nyingi, na ndiyo inayomsaidia mpokeaji kupanga: akijua benki inafunga mlango, ataiweka kazi hiyo mbele ya nyingine; akiambiwa "haraka tafadhali", ataipanga nyuma ya "haraka" nyingine tano.

Hapo pana jambo linalowahusu waandikao kwa Kiswahili peke yao. Slack inasoma saa ya mashine. Amri ya /remind, inayoweka ukumbusho, inaelewa muda kwa Kiingereza, na 9am yake ni saa tatu asubuhi yetu. Mtu akiwaza saa tatu na vidole vikaandika 3am, ukumbusho utalia saa tisa usiku, na asubuhi utakuwa umezama chini ya mengine. Vivyo hivyo kwenye ujumbe: "saa 3" iliyoandikwa kwa tarakimu bila neno asubuhi au usiku, kwa timu iliyochanganya lugha, ni ugomvi unaosubiri siku. Ndani ya amri andika saa ya mashine. Kwa binadamu andika "saa tatu asubuhi, 09:00". Inachukua sekunde mbili.

Turudi kwenye lile tundu. Slack haionyeshi ni nani amesoma ujumbe wa chaneli. Naona huo ni uamuzi mzuri, kwa sababu alama ya kusomwa huzaa ugomvi wa "umeona ukanyamaza". Lakini inaacha kazi ya kuthibitisha mikononi mwa watu, na watu hujibu "sawa". Neno hilo limebeba mambo mengi mno. Usafiri wa anga ulijifunza hatari yake kwa machozi. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Katika sekunde za mwisho rubani mmoja alitamka maneno yaliyoweza kumaanisha anasubiri kuruka au ameanza kuruka. Mwongoza ndege akajibu kwanza "OK" kabla ya kuongeza kwamba wasubiri, na maneno ya kusubiri yakafunikwa na mawimbi ya redio ya ndege nyingine iliyozungumza wakati huohuo. Kulikuwa na ukungu, na sababu nyingine nyingi. Baada ya hapo lugha ya redio ilikazwa: neno la kuruka lihifadhiwe kwa ajili ya kibali chenyewe, na maagizo muhimu yarudiwe na rubani kwa ukamilifu badala ya kuitikiwa tu.

Ofisi haihitaji ukali wa redio ya ndege kwa kila jambo. Inahitaji kutenganisha maana tatu za "sawa". Kwenye Slack hilo linafanyika kwa alama za hisia zinazobandikwa juu ya ujumbe, kifaa ambacho wengi wanakiona cha mzaha na ambacho kwa kazi ni cha maana sana. Mnakubaliana hivi: macho mawili, maana yake nimeiona na ni yangu; tiki ya kijani, maana yake imekamilika; mkono ulioinuliwa, maana yake nina swali kabla ya kuanza. Kidole gumba hakina maana rasmi na kisihesabiwe. Kiongozi wa zamu akipitia chaneli jioni, ujumbe usio na alama ni kazi isiyo na mwenyewe, wenye macho bila tiki ni kazi iliyo njiani. Anaona kwa dakika tatu kile ambacho kingehitaji kikao cha nusu saa. Na kwa yale yenye uzito, fedha, dawa, umeme, mikataba, alama haitoshi: mpokeaji aandike kwa maneno yake, "Nalipa ankara 4 kati ya hizo 6, mbili nazishikilia mpaka barua ije." Kosa la kuelewa huonekana hapohapo, kabla pesa haijatoka.

Utafutaji ni mzuri kwa anayejua kuubana. Kuandika neno peke yake kwenye ofisi yenye miaka mitatu ya mazungumzo ni kutafuta sindano shambani. Ukiongeza in: na jina la chaneli, from: na jina la mtu, before: au after: na tarehe, matokeo yanapungua hadi machache. Ila Kiswahili kinaleta ugumu wake. Maneno yetu hubadilika mbele: mkataba na mikataba, nimelipa na italipwa, uamuzi na maamuzi. Arifa za maneno maalumu, zile unazopanga ili uitwe neno fulani likitajwa, hufuata neno lilivyoandikwa. Ukiweka "mkataba" na mwenzako akaandika "mikataba", hutaitwa. Kwenye utafutaji pia, neno lililogeuka mwanzoni usitegemee kulipata. Suluhisho ni kuwa na maneno machache yasiyobadilika ambayo ujumbe wa aina fulani lazima uanze nayo. UAMUZI, kwa umoja, kwa herufi kubwa, kila mara: "UAMUZI: mzigo unatoka Ijumaa. Aliyeamua: mkuu wa usafirishaji. Sababu: lori moja liko gereji." Mwaka ukiisha, neno hilo moja pamoja na in: linatoa historia nzima ya idara, na pale mtu atakapouliza nani alisema na kwa nini, jibu lipo bila kumtafuta mchawi.

Makabidhiano ya zamu ni sehemu nyingine Slack inaweza kufanya vizuri sana au kuharibu vibaya. Maandishi huru huharibu: anayeondoka amechoka, anaandika "leo kulikuwa shwari, mashine namba 2 inasumbua kidogo", anakwenda zake. Inasumbua vipi? Tangu lini? Imeguswa? Kwenye mipango ya kulipia kuna Workflow Builder, ambayo inakuwezesha kutengeneza fomu fupi inayojazwa na kujituma kwenye chaneli. Nafasi nne zinatosha: hali ilivyo sasa, kilichobadilika katika zamu hii, kinachosubiri na nani anakisubiri, na dalili ambayo ikionekana mtu fulani apigiwe simu. Nafasi ya nne ndiyo huokoa usiku wa watu. Zikizidi sita, watu wataanza kujaza "hakuna" kila mahali. Asiye na mpango wa kulipia anaweza kubandika mfano wa ujumbe huo juu ya chaneli na watu wakaunakili. Si laini kama fomu, lakini kazi inafanyika.

Kuna wakati wa kuacha kuandika. Uzi ukishavuka majibu matatu ya kupishana na watu bado hawajaelewana, maandishi yamefika mwisho wake. Huddle, simu ya sauti iliyo ndani ya chaneli, hufunguka kwa kubonyeza mara moja bila kupanga wala kutuma kiungo, na unaweza kuonyesha skrini. Mpango wa bure unaruhusu watu wawili. Ya kulipia hadi 50. Dakika tano za sauti humaliza ubishi ambao ungechukua alasiri nzima, kwa sababu sauti hubeba kusita, wasiwasi na nia njema ambavyo herufi hazibebi. Hasara yake ni kwamba maneno hupeperuka, kwa hiyo aliyepiga simu aandike matokeo kwenye uzi uleule kabla hajafanya jambo jingine. Akingoja jioni, ataandika anachokumbuka yeye.

Onyo moja kwa mameneja, na linasemwa kwa uzito. Nukta ya kijani pembeni ya jina haipimi kazi. Kwenye kompyuta, Slack humhesabu mtu hayupo baada ya dakika 10 bila kugusa kifaa. Mhandisi anayesoma mchoro kwenye karatasi kwa dakika 40 ataonekana ametoroka. Mwenye kuzungusha kipanya huku akitazama mpira ataonekana mchapakazi. Meneja akianza kuuliza "mbona ulikuwa huonekani", watu watajifunza haraka kuonekana, na muda wa kufikiri, ambao ndio mnauuza, utaisha. Vilevile wasipimwe kwa kasi ya kujibu. Timu iambiwe wazi: chaneli hujibiwa ndani ya saa nne za kazi, jambo la dharura ni simu. Mtu akijua hivyo anaweza kufunga programu kwa saa mbili na kumaliza kazi inayotaka utulivu, bila hofu.

Mpango wa bure una mipaka inayopaswa kujulikana kabla ya kuhamia. Unaona ujumbe na faili za siku 90 zilizopita tu, na vinavyozidi mwaka mmoja hufutwa. Programu za nje za kuunganisha ni 10. Kwa kikundi kidogo chenye mradi wa miezi miwili, hakuna haja ya kulipa. Kwa ofisi inayotaka kutunza kumbukumbu za maamuzi, mpango wa bure ni kuandika mchangani: jambo la Januari limefichika kufikia Mei. Njia ya kati ni kuhamishia kila UAMUZI kwenye hati ya nje kila Ijumaa, na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Kwa nani, basi? Timu ya watu 8 au zaidi, yenye kazi zinazopita mikono mitatu au zaidi, itaona tofauti ndani ya mwezi. Watu wanne wanaokaa chumba kimoja hawaihitaji. Wageuze viti wazungumze. Kwa watu wa shambani, kiwandani au barabarani, wape chaneli mbili tu, moja ya matangazo na moja ya makabidhiano, na arifa za nyingine zote zizimwe kwenye simu zao.

Anayesita aanze na mpango wa bure na azitumie zile siku 90 kama jaribio. Siku ya 80 hivi, achukue maamuzi matano yaliyofanyika tangu mlipoanza, ampe mfanyakazi ambaye hakushiriki hata moja, na amwombe ayatafute kwenye Slack: nini kiliamuliwa, nani aliamua, kwa sababu gani. Akiyapata manne au yote kwa dakika moja moja, lipieni. Akipata mawili, msilipe bado. Rudini kwenye majina ya chaneli na kwenye lile neno UAMUZI, mrudie jaribio baada ya wiki sita.